Paa la Zahanati Lililotangulia Kibali

Vukosava Ranđelović si mpole, na nani kasema nesi lazima awe mpole. Akikupiga sindano, anakupiga. Presha yako ikipanda kwa sababu ya nyama ya kukaanga, hakuzungushii maneno, anakwambia uliila wapi na kwa nani. Kijijini kwetu Vrbova, huku Serbia, hakuna anayemwita kwa jina lote. Ni Sista Vuka, kwa wazee na kwa watoto, ingawa watoto wenyewe hawajazi benchi moja.

Alizaliwa hapa hapa. Akaenda jiji la Niš kusomea uuguzi, na wote wakajua harudi, maana anayeenda Niš harudi, na anayeenda Vienna ndiyo kabisa. Yeye akarudi. Ukimuuliza kwa nini, anasema dirisha la chumba alichopanga Niš lilitazama ukuta. Hana sababu nyingine, na mimi nimechoka na watu wanaotaka kila aliyerudi kijijini awe na hadithi ya kuliza. Akaolewa na Tihomir, dereva wa malori. Wakapata binti mmoja. Tihomir akafa kwa ugonjwa wa moyo barabarani karibu na mpaka wa Hungaria, lori kaliegesha vizuri pembeni, taa zinawaka. Vuka alikaa nyumbani wiki moja, kisha akarudi kazini, kwa sababu kuna watu walikuwa wanasubiri sindano.

Kazini kwenyewe ni nyumba ya chama cha ushirika cha zamani. Vyumba viwili, ngazi za mawe ambapo Vuka huvuta sigara huku akikukataza wewe kuvuta, na paa. Daktari huja Alhamisi, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote ni Vuka. Anajua nani anameza vidonge vyake na nani anavificha nyuma ya picha ya mtakatifu.

Shida ilikuwa hilo paa. Mvua ikinyesha, Vuka anatega mabeseni, na mgonjwa anahamishwa na kiti chake kama mchezo wa watoto. Kituo kikuu cha afya cha mjini kikatuma watu wakatazama juu, wakachoma mbao kwa kisu, kisu kikazama. Wakasema paa litengenezwe, na vyumba vipate joto na vifaa, kabla ya majira ya baridi, la sivyo mlango unafungwa na Vuka anahamishiwa mjini, dirisha la mapokezi, kugawa namba.

Tusidanganyane. Zahanati ikifungwa, Vrbova imekwisha. Haitakwisha kwa kishindo. Watoto watakuja mmoja mmoja na magari kutoka Austria, watawapakia wazazi na magodoro yao, watafunga mageti kwa minyororo. Basi la mjini linapita siku mbili kwa wiki, na theluji ikianguka halipiti kabisa. Mzee anayehitaji sindano kila siku hawezi kuishi mahali ambapo mwenye sindano hayupo. Vuka alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kiangazi chote alikuwa mkali kuliko kawaida yake, watu wakadhani ni joto.

Hapo ndipo klabu inapoingia. Mjini kuna klabu ya huduma. Unazijua klabu hizi: daktari wa meno, mwenye kituo cha mafuta, mwalimu mkuu mstaafu, wanakutana Jumanne mgahawani, wana bendera ndogo mezani na kengele ya kumgongea anayeongea sana. Watu wanawacheka, na hiyo kengele kweli inachekesha. Lakini kuna jambo moja wanaliweza ambalo wakubwa wetu hawaliwezi, nalo ni kuifanya hela kidogo iwe nyingi bila mtu kuiba. Klabu ya hapa inachanga. Klabu rafiki ya nje inachanga. Halafu mfuko wao mkuu unaangalia kilichochangwa, unaweka kiasi hicho hicho juu yake. Basi. Ni hivyo tu.

Mwenyekiti ni Čedomir, daktari wa mifugo, mtu wa kelele na buti za mpira. Yeye ndiye aliyewapata marafiki wa Graz, kule Austria. Ili kupata fungu letu, klabu nzima ilichoma pilipili hoho uwanja wa soko Septemba yote na kuuza ajvar, ile rojo yetu ya hoho za kuchoma. Mwanasheria wa klabu kafunga aproni, anamenya hoho za moto kwa vidole vilivyobabuka, na wapita njia wasionunua anawauliza kama wana kesi yoyote mahakamani. Walifikisha fungu. Vuka wakamwingiza uanachama kwa sababu walihitaji mtu wa Vrbova, na yeye akakubali kwa sharti kwamba asigongewe kengele.

Jumanne moja Čedomir akamvuta pembeni, karibu na jiko la mgahawa.

"Sista, nisikilize. Mfuko haulipii kazi iliyokwisha kuanza. Mama mmoja wa klabu ya Graz anakuja Jumatatu kukagua. Akirudi kwao, ndipo maombi yapigiwe kura. Mpaka kibali kitoke, mtu asiguse hata kigae."

"Nani atakigusa? Vijana wote wako Vienna."

"Wazee wako nawajua. Waambie."

"Nitawaambia."

Akawaambia. Na kosa liko hapo hapo, kwenye kuwaambia.

Kwetu mwenyeji akikwambia usilete kitu, unaleta. Akisema usijisumbue, unajisumbua. Ukikaribishwa kahawa unakataa, unakataa tena, halafu unakunywa, na mwenyeji anayekuacha baada ya kukataa mara ya kwanza ni bahili, na kijiji kizima kitajua kabla vikombe havijakauka. Vuka kalelewa hivyo, kalea binti yake hivyo. Lakini kichwa chake siku ile kilikuwa na paa tu.

Ijumaa akasimama dukani kwa Stojna, watu wamejaa, mkate umefika.

"Jumatatu anakuja mgeni kutoka Graz kuangalia zahanati," akasema. "Nawaomba sana. Msifanye kitu. Msilete kitu. Pabaki palivyo."

"Hata kufagia?" Stojna akauliza.

"Nitafagia mwenyewe."

"Na mabeseni?"

"Yabaki yalipo."

Radenko, fundi seremala mstaafu, alikuwa kakalia kreti mlangoni na bia yake. "Kwa hiyo tusifanye chochote kabisa."

"Chochote kabisa, mjomba Radenko. Nawaombeni."

Sababu hakuitoa. Aliona kuwaeleza wanywa bia masharti ya mfuko ni kupoteza pumzi. Akatoka, akapanda basi la Niš, mjukuu wake alikuwa anatimiza mwaka.

Mlango ulipofungwa, Stojna akatikisa kichwa. "Maskini Vuka. Anaona haya kuomba."

"Ameomba," Radenko akasema. "Hukumsikia? Nawaomba, nawaombeni. Ulitaka apige magoti?"

"Mgeni anatoka Austria, mabeseni yako sakafuni."

"Ndiyo maana nakwambia."

Radenko ana ghala. Ndani ya ghala kulikuwa na vigae vipya vyekundu vya nyumba aliyotaka kumjengea mwanawe, na mwanawe yuko Vienna tangu hajaota ndevu, ana watoto wanaoongea Kijerumani na mbwa anayeelewa Kijerumani tu. Vigae vimekaa humo miaka, kuku wanavitagia. Stojna alikuwa na mbao za banda. Shemeji yake alikuwa na trekta. Msaragambo kwetu tunauita moba: unapiga kelele juu ya ua, watu wanakuja, unawalisha. Jumamosi walishusha paa bovu. Jumapili, wakitoka kanisani, walipandisha jipya. Watu wa umri wao, na magoti yao. Mmoja alifanya kazi huku amevaa kile kifaa cha kupimia presha saa ishirini na nne ambacho Vuka mwenyewe alimfunga, na matokeo yake mpaka leo hayaeleweki.

Jumatatu asubuhi Vuka akashuka kwenye basi na mfuko wa keki iliyobaki. Akaona paa kabla hajaona kitu kingine. Jekundu. Limenyooka. Juu ya mgongo wake wametundika mashati na taulo, zawadi za mafundi, zinapepea kama ilivyo desturi paa likikamilika. Chini wanaume wamekaa kwenye mbao na glasi zao ndogo za rakija, pombe yetu kali ya matunda, wanawake wanakata mkate, na wote wanamtazama yeye na nyuso za watu wanaosubiri kushukuriwa.

Akakaa kwenye ngazi. Mfuko wa keki akauweka pembeni.

"Mmefanya nini?"

"Usilie, mwanangu," Radenko akasema. "Ni jambo dogo."

"Silii. Mmefanya nini?"

"Paa."

"Nilisema msifanye kitu."

"Ulisema."

"Nilisema msiguse."

"Ulisema vizuri sana," Stojna akasema. "Watu waliguswa."

Ikabidi awaeleze sasa, pale pale, alichopaswa kuwaeleza Ijumaa. Mfuko haulipii kilichoanza. Hela ya Graz imefungwa na hela ya mfuko, na hela ya mfuko imefungwa na paa ambalo halijaguswa. Paa limeguswa. Na kituo kikuu hakitaki paa tu, kinataka chumba chenye joto na vifaa, la sivyo mlango unafungwa vile vile, juu yake kuna vigae vizuri.

Mtu mmoja akairudisha rakija kwenye chupa, jambo ambalo Vrbova halijawahi kutokea.

Vuka akampigia Čedomir. Čedomir alikuwa zizini, mkono mmoja ndani ya ng'ombe, simu kashikiwa na mwenye ng'ombe.

"Funika," akasema.

"Nifunike paa na nini, Čedo?"

"Basi mwambie lilikuwepo. Mwambie ni la mwaka jana."

"Mwaka jana. Lina mashati juu yake."

"Shusheni mashati."

Ng'ombe akalia, simu ikakatika.

Radenko alikuwa kasikia yote, maana Čedomir hajawahi kuongea taratibu. Akasimama, akajipangusa suruali. "Mbona rahisi. Tunalishusha."

"Mjomba, kaa chini."

"Kazi isiwe imeanza, sivyo? Tukivishusha vigae, kazi iko wapi? Nionyeshe kazi. Hakuna."

"Na mbao?"

"Mbao anaweza kuwa aliziacha mtu."

Nikwambie ukweli, Vuka hakuwazuia. Alikuwa kaishiwa. Aliwatazama wakipanda tena, magoti yakilia, wakajipanga mstari kutoka juu mpaka chini na kuanza kupokezana vigae mkono kwa mkono, wanatukana polepole kwa sababu mgeni yuko njiani. Walikuwa wameshusha kona nzima ya upande wa barabara gari lilipoingia uani, mapema kuliko ilivyosemwa. Watu wa Graz bwana. Ukiwaambia saa sita wanakuja saa tano na nusu, eti wasichelewe.

Akashuka mama mwembamba mwenye viatu vya kupandia mlima, Roswitha Koller, mwalimu mstaafu. Akaegemea mlango wa gari, akatazama juu. Wazee wakaganda, kila mmoja na kigae chake mkononi.

"Habari zenu," akasema, kwa lugha yetu kabisa, tena kwa lafudhi ya Zaječar, ya watu wa mashariki kwetu. "Mnapandisha au mnashusha?"

Radenko juu kule akajifanya kiziwi.

Vuka anasema pale aliuona uongo umekaa tayari, umevaa na viatu. Tunakarabati, paa la zamani, tunasubiri kibali. Maneno machache tu. Na zahanati ingepona, labda. Lakini mwanamke huyu kazi yake kila siku ni kuwaambia watu usinidanganye, nimeona dawa nyuma ya picha. Akaona hawezi kuanza na huyu mgeni.

"Wanashusha," akasema. "Walipandisha jana. Mimi niliwaambia wasiguse, na wao wakadhani naona haya. Nikaenda Niš. Nimerudi nimekuta hivi. Sasa wanashusha ili isionekane kwamba kazi imeanza. Kosa ni langu, sikuwaeleza sababu."

"Uliwaambiaje? Maneno yenyewe."

"Msifanye kitu. Msilete kitu. Nawaomba."

Roswitha akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na Vuka, nesi huyu, akadhani mama wa watu anaumwa, akamshika kiwiko.

"Mume wangu, Žika, ni wa huku," Roswitha akasema alipopata pumzi. "Mara ya kwanza naletwa kwa mama mkwe, akanipigia simu akasema mwanangu, usilete kitu, njoo na afya yako. Nikaenda na afya yangu. Alininunia mpaka Pasaka."

"Ulienda mikono mitupu?" Stojna akauliza. Alishtuka kweli.

"Mitupu kabisa. Alisema usilete."

"Mungu wangu," Stojna akasema, na akamtazama yule mama kwa huruma ambayo sijui kama alishawahi kumpa mtu mwingine.

Wakaingia ndani. Roswitha akawa mwalimu tena. Vigae vya nani? Vya Radenko. Mbao? Za Stojna. Mafundi walilipwa na nani? Walilipwa mashati. Hela ya klabu, ile ya hoho, imeguswa?

"Haijaguswa," Vuka akasema. "Čedomir anailinda kuliko mkewe."

"Basi sikiliza, sista. Mfuko unakataa kulipia kilichokwisha kuanza. Haukatazi ninyi kuwa na paa. Maombi hayajapigiwa kura, bado yanarekebishika. Tunalitoa paa ndani yake, tunaweka kitu ambacho hakijaanza. Hela ni ile ile, yenu, yetu na ya mfuko. Unahitaji nini?"

Miezi mingapi Vuka alikuwa anawaza paa, na sasa mtu anamuuliza kama vile duka limefunguliwa. Akatazama kitanda cha wagonjwa kilichofungwa waya mguuni. Akatazama jiko la kuni linalotoa moshi kuliko joto.

"Joto," akasema. "Joto la kweli, vyumba vyote viwili. Na mashine ya kupima moyo."

"Na kitanda," Roswitha akasema, maana alikuwa amekikalia.

"Na kitanda."

"Nimekuelewa. Nitawaambia watu wa mfuko yote yaliyotokea, na paa pia, ili asije mtu kulishangaa baadaye. Sasa toka ukawaambie wale wazee warudishe vigae. Kuna wingu."

Vuka akatoka. Walikuwa bado wamesimama mstarini, hawajui wapokezane kwenda upande gani.

"Rudisheni," akasema.

"Turudishe?" Radenko akauliza kutoka juu. "Sista, nataka nielewe. Unaposema turudishe, turudishe, au tusirudishe?"

"Rudisheni, mjomba. Na kwa vitu vitakavyokuja, atakayenunua hata msumari nitampiga sindano kwa ile kubwa ya Čedo ya ng'ombe."

Hilo walilielewa. Vigae vikarudi juu haraka kuliko vilivyoshuka, na mafundi wakadai mashati mara mbili kwa kuwa paa moja wamelipandisha mara mbili. Stojna akawapa soksi. Roswitha alilishwa mpaka akafungua kifungo cha koti, na kwenye gari lake wakapakia mitungi ya ajvar, jibini, na rakija kwenye chupa ya maji ya kunywa. Alisema hapana mara mbili, vizuri kabisa. Žika amemfundisha.

Čedomir alipopigiwa simu jioni ile na kuambiwa, alinyamaza. Vuka akadhani simu imekatika tena. Kumbe alikuwa amekaa chini zizini, na Čedomir hakai zizini. Baadaye klabuni alilalamika kwamba kwa ushauri wake wa "mwaka jana" wangeokoa vigae vichache vilivyovunjika, na wakamgongea kengele.

Siwezi kukwambia kwamba baada ya hapo ilikuwa raha. Wiki zile za kusubiri kura Vuka alikonda. Hakulala vizuri, na alianza kupima presha yake mwenyewe na kutomwambia mtu namba. Nampinga yeyote anayesema klabu hizi ni tai na keki, lakini nampinga vile vile anayesema hela za mfuko ni rahisi. Unasubiri, na wakati unasubiri baridi inashuka mlimani, na mwanamke mmoja anasikiliza injini za magari ya Austria yakipita, anajiuliza lipi limekuja kumchukua nani.

Novemba kura ikapita. Mafundi wa mjini wakaja kufunga joto, na Vrbova nzima ikasimama uani, mikono mifukoni, haikugusa kitu, na sura za watu zilionyesha jinsi ilivyokuwa inawauma. Kitanda kikaja. Mashine ikaja. Kisha wakaja wale watu wa kituo kikuu, yule yule mwenye kisu. Akapanda ngazi, akachoma mbao, kisu hakikuzama. Akashuka, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo.

"Sista, unabaki hapa hapa," akasema. "Mlango haufungwi."

"Vizuri," Vuka akasema.

Akatoka nje kwenye ngazi. Akatoa sigara, akapiga kiberiti, kikazimika, akapiga kingine, kikazimika, na upepo haukuwepo. Radenko, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni siku hiyo, akakichukua kiberiti mkononi mwake, akamwashia, akatazama pembeni kwa adabu mpaka alipomaliza. Kule chini barabarani mtu alikuwa anapasua kuni.

Sigara ilipokwisha, Vuka akanawa mikono, akarudi ndani.

"Haya, mjomba Radenko. Lala hapo tuuone huo moyo."

"Nivue shati?"

"Vua."

"Nitapigwa baridi."

"Hakuna baridi humu," Vuka akasema, na kweli haikuwepo.